Vipimo Kumi na Kimoja vya Kimya

Sehemu ya Tisa

Wiki iliyopita tulimwacha Eulina Sant'Ana nyuma ya nguzo ya tatu katika kanisa la Rozari, shali jeusi limemfunika hadi kidevuni, mahali ambapo mtu wa kanisa la Karmeli hana sababu ya kuwapo. Alikwenda kupeleleza mazoezi ya maadui. Akasikia wanaimba Unirehemu, zaburi ya toba ya kaka yake Teodomiro, sauti kwa sauti, ile ile aliyoinakili yeye mwenyewe kwa wino tangu Krismasi na kuifungia sandukuni. Kisha waimbaji wakanyamaza katikati ya zaburi, na Eulina, bila kutaka, akaimba.

Kosa lake lilikuwa la mazoea. Katika zaburi ile kuna mahali sauti zote hukaa kimya, na fidla kubwa ya besi hutembea peke yake kwa vipimo kumi na kimoja vya mapigo. Rozari hawakuwa na besi siku ile. Mwalimu wao alikuwa akipunga kijiti hewani, watu wamekodoa macho, hakuna kinacholia. Eulina alikuwa amesikia kaka yake akipiga vipimo hivyo kila alasiri kwa miezi mitatu. Kimya kilipofika, mdomo wake ulikijaza.

Vichwa thelathini viligeuka.

"Ugali umekuja wenyewe," alisema Dona Idalina, mwimbaji wa sauti ya kwanza. "Nadhani umefuata bamia."

Kanisa zima lilicheka. Hapa Pedra Mansa watu wa Karmeli huitwa Ugali na watu wa Rozari huitwa Bamia, na hata kwenye mazishi hatusahau.

Mwalimu Honorato Fagundes hakucheka. Ni mtu mrefu, mkavu, asiyepandisha sauti hata akiwa na hasira, na ndiyo maana waimbaji wake humwogopa. Aliteremsha kijiti, akamwuliza Bi Eulina kwa nini ajibanze nyuma ya nguzo ilhali mlango mkubwa uko wazi kwa kila Mkristo.

"Mwizi huwakaribisha hivyo wageni wake?" alijibu Eulina.

Hapo benchi la mbele likatoa mlio, na mtu aliyekuwa ameketi pale akasimama. Alikuwa Monsinyori Amarante. Eulina hakumwona alipoingia. Askofu alikuwa amemtuma kwa treni ya Jumatatu aje achague ni kundi lipi litakaloimba Juma Kuu mbele yake, na mwalimu wa kundi hilo ndiye angekuwa mkuu wa muziki wa kanisa kuu jipya, maisha yake yote.

Monsinyori alitaka kujua nani ameiba nini. Eulina akamweleza. Honorato akasema neno moja tu, kwamba mama huyu amechoka. Idalina akaongeza kwamba ugali ukikaa sana jikoni huungua na kunuka. Monsinyori aliinua mkono, wakanyamaza.

Aliwaambia waje kesho saa tatu asubuhi, sakristia ya Rozari, kila upande na karatasi zake. Na atakayeonekana amejitwalia kazi ya mwenzake, kazi zake zote zitatolewa kwenye makabati ya makanisa yote mawili.

Kila mtu pale alielewa maana yake. Karatasi za muziki zilizotolewa kabatini hazirudi. Hupewa mtengeneza fataki, azungushie baruti za kulipulia sanamu ya Yuda siku ya Jumamosi Kuu. Teodomiro alikuwa na kazi thelathini na moja katika kabati la Karmeli: misa, litania, maandamano ya maziko, miaka ishirini na mitano ya maisha yake.

Eulina alirudi nyumbani akikaribia kukimbia. Alimkuta kaka yake karakanani, sindano kubwa mkononi, akishona tumbo la tandiko la nyumbu. Muziki ulimpa heshima, matandiko yakampa chakula. Alimsimulia yote kwa pumzi moja, akangoja alipuke.

Teodomiro hakulipuka. Alivuta uzi, akaukata kwa meno. Akauliza kama Rozari walikuwa na besi.

"Hawana. Ndiyo maana nikajua wameiba. Aliyeiba hakuikuta, kwa sababu wewe hukuiandika."

Ni kweli. Alipomnakilia kaka yake sauti zote, Eulina aliomba na ya besi. Teodomiro akamwambia aiache, anaipiga kwa kichwa, fidla ni yake na vidole ni vyake.

"Kesho usiende," alisema sasa.

"Nisiende?"

"Waache waimbe. Tutaimba kitu kingine."

Eulina alimtazama mtu ambaye mwaka juzi alikataa kumpa mkono Honorato mbele ya jeneza. Akadhani ni homa. Akamwambia akalale, yeye atakwenda kwa niaba yake, na kabla ya adhuhuri Bamia watakuwa wameteleza hadi mtoni.

Asubuhi yake alivaa gauni la Pasaka.

Monsinyori aliketi mbele ya meza ya mavazi ya ibada, akimenya chungwa kwa kisu kidogo. Upande mmoja kulikuwa na karatasi za Eulina, nyeupe, zimefungwa utepe. Upande wa pili kulikuwa na furushi la Honorato ndani ya kitambaa, bado halijafunguliwa. Honorato alisimama dirishani. Idalina alikuwa amejileta kama shahidi wa jambo lisilojulikana.

Eulina hakupoteza muda. Alisema muziki unaweza kuibwa, lakini nyumba ulimozaliwa haiwezi kuibwa. Kule Karmeli waimbaji huanza zaburi wakiwa juu, kwenye roshani. Ikifika aya ya kuoshwa dhambi, lazima wawe chini, mbele ya altare. Kati ya juu na chini kuna ngazi ya mbao yenye vidato ishirini na viwili.

"Kila kipimo, vidato viwili," alisema. "Vipimo kumi na kimoja. Besi inapigwa peke yake ili watu wasisikie viatu. Hapa Rozari hakuna roshani, Monsinyori. Hakuna hata kidato kimoja. Mwulize kwa nini watu wake jana walisimama kama ng'ombe waliosahau njia ya zizini."

Kisu kilisimama juu ya chungwa.

Monsinyori alimgeukia Honorato polepole. Idalina akatazama viatu vyake. Eulina alihisi ushindi ukipanda kutoka tumboni kama kahawa ya moto, na wasomaji wanaomjua watamsamehe kwa kutabasamu.

"Amesema kweli," alisema Honorato.



"Yote aliyosema ni kweli. Muziki huu uliandikwa kwa ngazi ya Karmeli. Sasa umwulize ngazi ile aliijengesha nani."

Eulina alijua. Kila mtoto wa Pedra Mansa anajua. Ngazi ile ilijengwa kwa amri ya Mwalimu Libânio Fagundes, baba yake Honorato, aliyeongoza muziki wa Karmeli miaka kumi na minne, kabla hajafukuzwa mwaka 1875 kwa jambo ambalo wazee hawakulitaja mbele ya watoto. Alivuka daraja na kofia yake na sanduku moja, akaanza upya Rozari kutoka sifuri. Ugomvi wa Ugali na Bamia ulizaliwa siku hiyo.

Honorato alifungua kitambaa. Karatasi zilizotoka zilikuwa rangi ya mkate, zimetobolewa na wadudu, kingo zimelainika kama vitambaa. Alizipanga mbele ya Monsinyori moja moja. Chini ya kila moja kulikuwa na tarehe: 9 Machi 1874.

"Kaka yako alizaliwa mwaka gani, Bi Eulina?" aliuliza Monsinyori.

Ilibidi ajibu. "Elfu moja mia nane sabini na nne."

"Basi alianza kutunga mapema sana."

Idalina alicheka puani. Lakini Eulina hakusikia, maana macho yake yalikuwa yameshuka pembeni mwa tarehe, mahali ambapo mnakili wa kwetu huweka alama yake. Palikuwa na jani la mti wa kahawa, mishipa mitatu, kikonyo kimepindia kushoto.

Yeye mwenyewe huchora jani lile lile. Kikonyo chake hupindia kulia. Mama yake, Balbina, ndiye aliyemfundisha akiwa na miaka tisa: wako upinde kulia, mwanangu, tusije tukachanganywa.

Alijikuta ameshika ukingo wa meza.

Monsinyori alikuwa mtu wa mpango. Alihesabu karatasi za upande mmoja, akahesabu za upande wa pili, akahesabu tena. Sauti nne za waimbaji, fidla mbili, filimbi, tarumbeta mbili. Akauliza iko wapi besi.

Honorato alisema kwake haipo, na haijawahi kuwapo tangu baba yake alipofariki. Eulina alisema kwake haipo pia.

"Makaratasi mafungu mawili," alisema Monsinyori, "na yote mawili hayana miguu."

Alifikiri, akala kipande cha chungwa, kisha akatoa hukumu yake. Besi ya muziki huu iliandikwa, maana nyingine zote ziliandikwa. Popote ilipo, ndipo kazi hii ilipotoka. Atakayemletea karatasi ya besi kabla ya kengele ya adhuhuri ndiye mwenye kazi. Wa pili aende akaagane na kabati lake.

Mlangoni Honorato alimpisha Eulina apite kwanza, kwa adabu zote.

"Mwambie kaka yako asichelewe," alisema chinichini. "Mtengeneza fataki amekwisha kuniulizia karatasi."

Ilikuwa saa sita kasorobo Eulina aliposukuma mlango wa jikoni. Teodomiro alikuwa ameketi karibu na jiko la kuni, sufuria ya maharage ikitokota, mikono yake imelala magotini. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa anamngoja.

Eulina hakuvua shali. Alimwuliza ni tangu lini mama yao alimnakilia kazi Libânio Fagundes.

"Tangu alipokuwa na miaka kumi na saba."

"Na Unirehemu?"

"Aliinakili yeye. Kabla hajamkabidhi mwenyewe, aliichukua yote tena kwa penseli, kwa siri. Nilizikuta alipokufa. Nikaziandika kwa mkono wangu, nikakupa wewe uweke wino. Zile za penseli nikazichoma hapo." Alionyesha jiko kwa kidevu.

Miezi mitatu. Vidole vimeingia wino hadi kwenye kucha, macho yanauma, na kila jioni alimsifu kaka yake kwa kurasa alizonakili. Mara moja, kwenye aya ya mwisho, alilia. Na Teodomiro akamwacha alie.

"Umeniuzia maziwa ya ng'ombe wa jirani," alisema Eulina. "Una kazi thelathini na moja zako mwenyewe, hakuna aliyekuomba ya thelathini na mbili. Umeiba kwa Bamia, Teodomiro. Kwa Bamia. Jumamosi Kuu misa ulizotunga kweli zitalipuka pamoja na Yuda, na mimi nimesimama pale sakristia kama mpumbavu nikimtetea mwizi kwa vidato vya ngazi."

"Sikuiba."

"Ulifanya nini basi?"

"Nilirithi."

Alisema neno hilo taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu kizito alichokibeba mbali. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, rangi ya mkate.

Ilikuwa besi. Haikuwa kichwani mwake hata siku moja. Ilikuwa mfukoni.

Eulina aliikunjua. Tarehe 9 Machi 1874. Jani la kahawa, kikonyo kushoto. Na chini ya jani, kwa mkono mwingine, mkono wa mwanamume aliyezoea kuandika noti kuliko maneno, mistari miwili:

*Kwa Teodomiro, aliyezaliwa leo, awe na kitu cha baba yake.*
*Libânio.*

Maharage yalifurika, yakazima kuni mbili. Hakuna aliyeinuka.

Eulina alisoma mara tatu. Aliona jambo ambalo wazee hawakulitaja mbele ya watoto. Alimwona mama yake akiwa amebeba mimba, ameinama juu ya meza, akinakili toba ya mtu mwingine. Alimwona marehemu baba yake mwenyewe, Sant'Ana mshona matandiko, akimpa mtoto huyu jina lake na ufundi wake bila kusema neno, na akajiuliza kama alijua. Alijua. Bila shaka alijua.

Kisha akaona kilicho mbaya zaidi. Karatasi hii ilikuwa ushindi. Wangeipeleka kwa Monsinyori sasa hivi, na kabati la Karmeli lingepona, na kaka yake angepata kanisa kuu. Na kabla ya jua kuzama Idalina angekuwa anaimba jina la Balbina kila kisimani.

"Sasa unaelewa kwa nini nilikuambia usiende," alisema Teodomiro.

Mlango ulibishwa hodi mara moja, ukafunguliwa bila kungoja karibu.

Alikuwa Honorato Fagundes, kofia mkononi, vumbi la daraja kwenye viatu. Katika miaka arobaini na sita hakuna Fagundes aliyekanyaga sakafu ile. Alitazama jiko, akamtazama Eulina, akaitazama karatasi mkononi mwake, na uso wake haukubadilika.

"Jana uliimba bila kutazama popote," alimwambia. "Nikajua bado iko katika nyumba hii. Nipe."

Eulina aliificha nyuma ya mgongo, kama mtoto. Akamwambia akatafute ya kwake.

"Usijisumbue kuificha. Najua kilichoandikwa chini."

Teodomiro aliinuka. Waliposimama hivyo, wawili, mmoja upande huu wa jiko na mwingine upande ule, Eulina aliona kile ambacho mji mzima ungekiona zamani kama ungewahi kuwaweka katika chumba kimoja: mabega yale yale, na namna ile ile ya kushusha kidevu kabla ya kusema.

"Umejua tangu lini?" aliuliza Teodomiro.

"Tangu baba yangu alipokuwa anakufa. Alinipa sauti zote, akaniambia besi iko kwa mwanawe wa Karmeli. Isiimbwe bila yeye, alisema. Alitufunga nira moja, mzee yule. Miaka ishirini nimeziweka darini ziliwe na wadudu, ili nisije nikavuka daraja hili."

"Na leo umevuka."

"Kwa sababu ya askofu. Nitakuambia waziwazi. Nipe karatasi, nitaikata ile mistari miwili mbele ya macho yenu, na jina la mama yenu halitatoka kinywani mwangu. Sitadai kabati lako, nitamwomba Monsinyori mwenyewe asiliguse. Utabaki na misa zako na matandiko yako."

Eulina, nitasema ukweli, alitaka kumpa. Mkono ulikuwa umeanza kutoka mgongoni.

Lakini Teodomiro aliuwahi. Aliichukua karatasi, polepole, bila kuirarua.

"Niite," alisema.

"Nikuiteje?"

"Unajua. Mara moja tu. Hapa hapa jikoni, hakuna anayesikia ila dada yangu. Niite hilo neno, nikupe besi, uende nayo kwa askofu wako, na kanisa kuu uchukue."

Honorato alishusha kidevu.

"Nimekuja kwa besi," alisema. "Sikuja kwa ndugu."

Teodomiro aliitikia kwa kichwa, kana kwamba ameambiwa bei ya ngozi. Akasukuma sufuria ya maharage pembeni kwa mkono mtupu, makaa yakafunguka mekundu, na akashusha karatasi juu yake hadi ukingo wa chini, ule wenye jani na mistari miwili, ukaanza kugeuka rangi.

Kule juu, kengele ya Karmeli ilipiga pigo la kwanza la adhuhuri.

Eulina hakusogea. Kama ukurasa ule ungeungua, hakuna mtu duniani ambaye angewahi kusoma kosa la mama yake. Kama ungeungua, kaka yake angebaki mwizi mpaka kaburini. Na ili jina la Balbina lipone, yeye hakutakiwa kufanya lolote. Alitakiwa kutulia tu, muda wa kushuka ngazi moja.

Akaanza kuhesabu, kama alivyozoea. Moja. Mbili. Kona ya karatasi ikajikunja. Nne. Tano. Jani la kahawa likawa jeusi kwenye kikonyo. Saba.

Alipofika tisa, mkono uliingia motoni. Haukuwa wake, wala haukuwa wa Teodomiro.